Mitoo katika joto la Mombasa: mwongozo kamili kutoka mbegu hadi sufuria

Wanaopanda mitoo Kisauni, Likoni, Mikindani au Shanzu huleta malalamiko manne yaleyale. Mbegu hazikuota. Miche ilikuwa manjano. Ilitoa maua kabla haijafika magotini. Au ilipikwa ikawa chungu hata sima ikabaki mezani.

Chanzo huwa karibu kimoja: mitoo imetunzwa kama sukuma wiki au mchicha. Si mboga ya aina hiyo. Ni kichaka cha jamii ya kunde na mbaazi, kinachojiotea porini na kando ya mashamba, chenye shina gumu na tabia zake. Ukiijua mitoo hivyo tangu siku ya kwanza, hakuna hatua itakayokushinda hapa chini.

Wajaluo huiita mitoo, Waluhya miro, na upande wa Tanzania ni marejea. Mombasa jina la sokoni ni mitoo, na ndilo tutakalotumia.

## Vitu vya kuwa navyo

Hesabu hii ni ya tuta moja la mita 1 kwa mita 3. Linatosha nyumba ya watu watano kwa mlo mmoja wa mitoo kila wiki.

- Mbegu, kijiko 1 cha chai kilichojaa
- Mchanga mkavu uliochekechwa, vijiko 10 vya chai
- Samadi ya mbuzi au ng'ombe iliyooza kabisa, madebe 2
- Udongo uliochukuliwa penye mashina ya kunde au mbaazi, kasuku 1 (kopo la mafuta ya kupikia)
- Jembe, reki, na keni ya kumwagilia yenye matundu madogo
- Makuti makavu 3 au 4
- Mtungi wa lita 20 wa maji baridi yasiyo na chumvi
- Kisu kikali au mkasi

Asiye na kiwanja atumie magunia au ndoo za lita 20 zilizotobolewa chini, miche mitatu kwa kila ndoo. Vyombo vidogo zaidi ya hapo usisumbuke navyo. Mzizi wa mitoo huenda chini, ukigonga sakafu mapema mmea hukimbilia kutoa maua.

## Kwanza, uhakikishe ni mitoo

Pwani kuna mimea kadhaa ya mwituni yenye maua ya manjano na maganda yanayolia kama kayamba, na si yote ya kuliwa. Baadhi ni ndugu wa karibu wa mitoo, nayo ina sumu inayoharibu ini.

Jani la mitoo limegawanyika vijani vitatu vyembamba, virefu kama kidole, vinavyotoka pamoja kwenye kikonyo kimoja. Ua ni la manjano lenye mistari ya kahawia au wekundu. Ganda ni la mviringo mrefu, na likikauka mbegu huchezacheza ndani.

Ukiona mmea wenye ua na ganda kama hilo lakini jani lake ni moja moja, pana, lenye ncha butu, uache. Hata mwingajini watu huuchanganya na mitoo kwa sababu ya ua la manjano. Huo vijani vyake hupangwa jozi jozi, na ukivifikicha vinanuka vibaya.

Kwa hiyo usichume porini kwa kubahatisha. Anza na mbegu za duka la pembejeo au za mtu anayeipanda na kuila. Na hata mitoo ya kweli, usiichume kando ya barabara kuu wala karibu na gereji.

Mitoo yenyewe ina aina mbili, na tofauti yake ndiyo inayoamua ladha ya sufuria yako:

Aina chungu ina majani ya kijani yenye ubuluu kidogo, na maganda membamba.

Aina ya upole ina majani ya kijani kinachong'aa, maua ya manjano yaliyopauka, na maganda manene yaliyovimba.

Anayeanza apande aina ya upole. Aliyezoea mchunga na kuupenda kwa uchungu wake atastarehe na ile chungu. Ukinunua mafungu Kongowea, muulize muuzaji ni ipi, maana fungu moja linaweza kuwa na zote mbili.

## Hatua ya 1: Pima mbegu kabla ya kuzipanda

Hesabu mbegu 50. Zikunje ndani ya kitambaa kilicholowa, ukiweke kwenye sahani kivulini, na ukinyunyizie asubuhi na jioni. Siku ya tano fungua uhesabu.

Zikiota 40 au zaidi, mbegu ni nzuri. Zikiota kati ya 25 na 40, panda kwa wingi maradufu. Chini ya hapo, angalia zile zilizobaki. Zilizooza na kunata zimekufa, tafuta nyingine. Lakini zikiwa bado ngumu na kavu kama changarawe, shida ni ngozi isiyopitisha maji.

Dawa yake ni hii. Chemsha maji, epua, ngoja mpaka uweze kutumbukiza kidole kwa sekunde moja tu. Mimina juu ya mbegu, uziache zipoe humo usiku kucha. Asubuhi panda zilizovimba. Usizichemshe motoni, zitaiva.

Jaribio hili linachukua siku tano. Wanaoliruka hungoja wiki tatu mbele ya tuta tupu.

## Hatua ya 2: Chagua wakati

Mitoo inapenda joto na jua, saa sita kwa siku au zaidi. Isichokipenda ni mafuriko na kiu.

Wakati mzuri Mombasa ni mwisho wa Mei hadi Julai, mvua kubwa ya masika ikishapungua, udongo bado una maji na kusi linapoza hewa. Dirisha la pili ni Oktoba, vuli inapokaribia. Kupanda Aprili katikati kunawezekana, ila mbegu ni ndogo sana, mvua moja nzito huzisomba zote hadi mwisho wa tuta.

Januari hadi Machi, wakati wa kaskazi, kuna jua kali na ukame. Mmea hukomaa haraka, majani huwa magumu na uchungu unazidi. Panda miezi hiyo ikiwa tu una maji ya uhakika kila siku.

## Hatua ya 3: Andaa tuta

Lima kina cha jembe zima, sentimita 25 hivi, utoe mawe na mizizi. Inua tuta sentimita 15 juu ya njia ili maji yasituame. Tandaza yale madebe 2 ya samadi, uchanganye na udongo wa juu, kisha mwagia na uache wiki moja.

Hapa pana makosa matatu.

Samadi mbichi au nyingi kupita kiasi. Mitoo hujitengenezea naitrojeni kwa msaada wa bakteria wanaokaa kwenye vinundu vya mizizi. Ukiilisha sana, haitengenezi vinundu, na unapata majani laini yanayovutia wadudu. Kwa sababu hiyohiyo usiweke yurea.

Majivu. Ushauri wa kutia majivu umetoka sehemu zenye udongo mchachu. Sehemu kubwa ya kisiwani, Nyali, Bamburi na Shanzu imekaa juu ya matumbawe, na udongo wake tayari umejaa chokaa. Majivu yanazidisha tatizo, na mmea unashindwa kufyonza madini ya chuma hata kama yapo. Majivu ya jikoni yapelekwe kwingine.

Kusahau bakteria. Panapokuwa mahali papya, pa mchanga mtupu au kifusi, bakteria hao huenda hawapo. Ndiyo kazi ya ile kasuku ya udongo wa kunde. Ichimbe penye mizizi, uisambaze kwenye mistari siku ya kupanda, na uifukie papo hapo, kwa sababu jua huwaua. Chukua kwenye kunde zenye afya pekee, usije ukahamisha ugonjwa.

Tuta lililo tayari likishikwa mkononi hufanya donge linalovunjika kwa kuguswa na kidole.

## Hatua ya 4: Panda juu juu

Chora mistari mitatu kwa urefu wa tuta, sentimita 30 kati ya mmoja na mwingine. Kina kisizidi sentimita 1, yaani nusu ya kucha ya kidole gumba.

Changanya mbegu na ule mchanga mkavu, uzigawe mafungu matatu, na unyunyize fungu moja kwa kila mstari. Mchanga unasaidia mbegu zisianguke rundo moja. Fukia kwa vidole, bonyeza kidogo kwa kiganja, mwagia kwa keni taratibu, kisha funika kwa makuti.

Mbegu iliyozikwa sentimita 3 au 4 kama mahindi haitoki, kwani akiba yake ya chakula huisha kabla haijaona jua. Ndiyo sababu namba moja ya matuta matupu.

Chungulia chini ya makuti kuanzia siku ya tatu. Ukiona vijani viwili vya kwanza vinainuka, yaondoe jioni hiyohiyo. Yakikaa siku mbili zaidi miche hurefuka kama uzi na kuanguka.

## Hatua ya 5: Maji na nafasi

Wakati wa joto, mtungi mmoja wa lita 20 kwa tuta kila siku, alfajiri au baada ya alasiri. Msimu wa kusi, siku moja ndiyo siku moja hapana. Udongo ukiwa bado na unyevu ukichimba kwa kidole hadi kiungo cha pili, acha.

Maji ya kisima ni suala la kuangaliwa. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na mmea huonyesha kwa kingo za majani kukauka na kuwa kahawia, zikianza zile za chini. Yaonje: ukihisi chumvi ulimini, usiyatumie kwa miche midogo kabisa. Kinga maji ya mvua kwenye pipa. Kwenye ndoo na magunia chumvi hujikusanya haraka zaidi, basi kila wiki mbili pitisha maji baridi mengi hadi yatiririke chini kwa muda.

Miche ikifika kimo cha sentimita 10, kwa kawaida wiki ya tatu, punguza ibaki mmoja kila sentimita 12 hadi 15. Inauma kung'oa kilichoota vizuri, lakini iliyobanana hutoa shina moja refu lisilo na matawi, na matawi ndiyo mboga. Uliyong'oa chambua uipike.

Kisha tandaza makuti yaliyokatwakatwa au nyasi kavu kati ya mistari, usiguse mashina.

## Hatua ya 6: Soma rangi ya majani

Wiki ya nne au ya tano ng'oa mche mmoja kwa uangalifu, pamoja na udongo wake, uoshe mizizi. Utaona vinundu. Pasua kimoja kwa kucha. Ndani kukiwa na rangi ya waridi au nyekundu, bakteria wanafanya kazi. Kukiwa kweupe au kijani, au hakuna vinundu kabisa, mmea haupati msaada wao.

Usivichanganye na uvimbe wa minyoo ya mizizi. Kinundu kizuri kimening'inia pembeni mwa mzizi na hubanduka kwa urahisi. Uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe ulionenepa.

Tuta zima likiwa manjano, angalia yalianzia wapi. Yakianza majani ya chini, ya zamani, mmea umekosa naitrojeni: zungushia samadi iliyooza, kasuku moja kwa kila mita ya mstari. Yakianza majani machanga ya juu, huku mishipa ikibaki kijani, hiyo ni chokaa ya matumbawe inayozuia chuma. Ongeza mboji na usizidishe maji. Samadi pekee haitatibu hali ya pili, na wengi huongeza samadi tu hadi wanachoka.

## Hatua ya 7: Kata kilele, kisha chuma

Mmea ukifika sentimita 30, karibu wiki ya sita, kata shina kuu sentimita 15 kutoka ardhini, juu kidogo ya jani. Hayo ni mavuno ya kwanza, na baada ya siku chache kila pembe ya jani iliyobaki itatoa tawi.

Tumia kisu. Shina la mitoo lina nyuzi kama kamba. Ukilivunja kwa mkono gamba huchunika hadi chini na jeraha hilo huoza.

Kuanzia hapo chuma kila baada ya siku 7 hadi 14, ncha changa za urefu wa kiganja. Acha angalau nusu ya majani kwenye mmea. Kila kitumba cha ua unachokiona, kikate siku hiyohiyo, kwa sababu mmea ukishaanza kulea maganda huacha kutoa majani laini. Anayeng'oa mche mzima hupata mlo mmoja, na anayekata hupata mingi kutoka shina lilelile.

Chuma alfajiri, jani likiwa limejaa maji, ulifunge kwenye kitambaa chenye unyevu. Mitoo iliyochumwa adhuhuri hulegea kabla hujafika jikoni.

Maganda na mbegu haziliwi kamwe, wala usizipe kuku au mbuzi.

## Hatua ya 8: Wadudu

Vidukari hukaa kwenye ncha. Changanya kijiko 1 cha chai cha sabuni ya maji kwa lita 1 ya maji, unyunyize jioni upande wa chini wa majani, urudie baada ya siku nne.

Viwavi wenye nywele, weusi wenye alama nyeupe na za rangi ya machungwa, hutoboa maganda na kula majani. Wengi wao ni wa kuokota kwa mkono asubuhi. Wakizidi, twanga gramu 50 za kokwa kavu za mwarobaini, loweka usiku kucha kwenye lita 1 ya maji, chuja, nyunyiza jioni. Ngoja siku tatu kabla ya kuchuma, na uoshe majani vizuri.

## Hatua ya 9: Pika bila haraka

Kwa gramu 500 za majani yaliyochambuliwa utahitaji nazi 1, kitunguu 1 kikubwa, nyanya 2, kijiko 1 cha mafuta na chumvi.

Chambua. Vuta majani na ncha laini pekee. Kijiti kisichokatika kwa kubanwa na kucha, tupa. Vijiti hivyo ndivyo vinavyofanya watu waseme mitoo inakwaruza koo.

Osha mara tatu, ukiinua majani kutoka majini badala ya kumwaga maji juu yake, la sivyo mchanga unarudi.

Tokosa. Chemsha lita 2 za maji yenye chumvi kidogo hadi yatokote, ndipo utie majani. Usifunike. Aina ya upole, dakika 10 hadi 15, mwaga maji. Aina chungu, dakika 10, mwaga, tia maji mengine yaliyokwisha kuchemka, dakika 10 tena, mwaga. Uchungu huyeyukia majini. Wanaobana maji machache na kuyaacha yakaukie humo ndio wanaokula dawa.

Magadi hulainisha upesi na kuhifadhi rangi, ila ncha ya kijiko inatosha. Yakizidi mboga hurojeka na kupata ladha ya sabuni, na vitamini C hupotea. Majani machanga hayayahitaji.

Kamua kwa mkono, polepole. Acha unyevu kidogo.

Unga. Ikune nazi, toa tui zito kwa kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu na uliweke kando, kisha toa tui jepesi vikombe viwili. Kaanga kitunguu hadi kilainike, tia nyanya zivunjike, tia majani na ugeuze dakika tatu. Mimina tui jepesi, lichemke moto mdogo dakika 10. Mwisho tia tui zito, punguza moto, koroga upande mmoja bila kuacha. Likianza kutoa mapovu madogo pembeni, epua. Likichemka sana hukatika, mafuta huelea na mboga hukosa utamu.

Mboga iliyoiva sawasawa ni ya kijani kilichokoza, jani linavunjika kwa ulimi, na uchungu unaosikika ni mdogo, unaokuja nyuma ya nazi. Ukiona bado ni kali, wakati ujao changanya nusu kwa nusu na majani ya kunde au mchicha, ukiyatia baada ya mitoo kutokoswa.

Iliyotiwa tui isilale nje ya friji, kwa joto letu huchacha kabla ya asubuhi. Na mitoo isiwe mboga ya kila siku. Pokezana na kunde, tembele na mchicha. Watoto wachanga wapewe mboga nyingine, na majani yasifanywe chai.

## Hatua ya 10: Weka mbegu

Acha mimea 5 au 6 iliyonawiri bila kuichuma baada ya mkato wa pili. Ikiwa ulipanda aina zote mbili, chagua mimea ya aina unayoitaka na uifunge kitambaa chekundu, maana ikishakauka ni vigumu kuitambua kwa majani.

Ganda likiwa kahawia na linalia ukilitikisa, likate asubuhi, kabla ya jua kali kulipasua na kumwaga mbegu chini. Usingoje yote yakauke pamoja. Anika kwenye mkeka penye kivuli na upepo siku tatu au nne, twanga taratibu ndani ya gunia, pepeta kwa ungo. Fanya kazi hii mbali na watoto wadogo. Ganda linalolia ni kama mchezo kwao, na mbegu zake ni sumu.

Unyevu wa Mombasa huua mbegu kuliko wadudu. Kaanga vijiko viwili vya mchele bila mafuta hadi ugeuke rangi, upoze ndani ya kopo lililofungwa, uufunge kwenye kitambaa, uweke chini ya chupa kavu ya kioo, mbegu juu yake. Kaza kifuniko, andika aina na mwezi, uiweke kabatini mbali na jiko. Kila baada ya miezi miwili badilisha mchele, na kabla ya kupanda tena rudia jaribio la mbegu 50.